Hadhira Inayoitikia

Msomaji wa visiwani akilikuta jina la Qurus atasita kwenye herufi ya kwanza, kwani Kiswahili Sanifu hakina Q. Ni kata ya Wilaya ya Karatu, katika nchi ya Wairaqw, ambao wengi wetu huwaita Wambulu. Huko ndiko atokako kijana mmoja aniletea tungo zake kwa simu. Amechoka kungoja wachapishaji, hivyo huzisambaza mwenyewe mtandaoni. Lalamiko lake ni fupi: watazamaji mamia, msomaji hata mmoja hamwoni.

Nimezisoma. Zile za Kiswahili ni za ubeti mmoja mmoja, kwa kuwa, asema, kioo cha simu hakivumilii kirefu. Mizani imetimia na vina havina dosari, ila kituo hufika kabla ya fikira kukomaa. Zile za Kiiraqw ni ndefu, na humo ndimo alimo mtunzi hasa. Zinafuata nyayo za slufay, ambapo mzee huomba mvua, uzazi na afya ya mifugo, na waliohudhuria huitikia. Asipokuwapo wa kuitikia, slufay haisemwi.

Nasi tulikuwa na chetu cha kufanana nacho. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, liliwapa watunzi wa Tanganyika nafasi ya kujibizana kwa mashairi, na mtunzi alimjua msomaji wake kwa jibu lake. Nilidhani mtandao utaturudishia hayo. Ndesanjo Macha alipoanzisha blogu yake ya Jikomboe mwaka 2004, Kiswahili kilipata baraza jipya, na wengine wakafuata. Kisha zikaja kanuni za mwaka 2018, zilizomtaka mwenye blogu ajisajili kwa ada ya jumla ya zaidi ya shilingi milioni 2. Mtunzi gani wa mashairi ana fedha hiyo? Baadhi waliacha. Waliobaki wengi walihamia Facebook na WhatsApp, ambako kidole gumba kimoja huhesabiwa kuwa ni jibu. (Mimi pia nimewahi kukipokea kwa furaha, siwezi kumcheka mtu.)

Nilimshauri kijana aache kukata tungo zake. Achague moja ya Kiiraqw, aighani yote kwa sauti yake, aitume kwa watu wa Qurus waliotawanyika Arusha na Dar es Salaam, tafsiri ya Kiswahili ikiwa chini yake. Alisitasita, maana ilikuwa ya dakika kumi na moja. Walioijibu ni tisa. Mmoja alimjibu kwa beti, akamkosoa neno ambalo, kwa madai yake, bibi zao wasingelitamka hivyo.

Kijana amekasirika. Jana ameniletea beti sita za kumjibu, hakuna iliyokatwa.