Hunter Ndogo ya Liverpool

Wapo wakusanyaji wanaotafuta kilicho adimu, na wapo wanaotafuta kilicho kizima ndani ya sanduku lake la asili. Mimi, baada ya umri mrefu wa kupanga ndege ndogo za metali katika kabati la vioo, naona kwamba moyo wangu haukuelemea upande huu wala ule, kwani kila nilifunguapo kabati hilo mkono hupita juu ya ndege kubwa za abiria na fahari yake yote, ukaenda kuokota ndege moja ya kivita, ndogo, isiyo na thamani kubwa sokoni, ambayo ni Hawker Hunter ya Dinky Toys, nambari 736 katika orodha ya kampuni ya Meccano, iliyoanza kutolewa mwaka 1955 katika kiwanda cha Binns Road mjini Liverpool. Upana wa mabawa yake haufiki sentimita 6. Mgongoni ina mabaka ya kijivu na kijani, tumboni ina rangi hafifu, juu ya mabawa imebandikwa duara za Jeshi la Anga la Uingereza, na chini yake yamo magurudumu matatu ya metali ambayo hayakukusudiwa kuigiza chochote, bali kukimbia sakafuni. Haina mlango unaofunguka, haina kioo, haina chemchemi wala bomu la kudondoka. Hata hivyo, mtu aliyepata kuiona Hunter halisi angani, hata mara moja, akiikuta hii mezani huitambua kabla hajaishika, na ni kwa ajili ya utambuzi huo, ulioletwa na mafundi ambao majina yao hayakuchapwa popote juu ya kazi yao, kwamba nimeshika kalamu. Maana nasadiki kuwa ile ilikuwa sanaa kamili, na ustadi wake mkubwa ulikuwa ni kujua nini kiachwe.

Ndege iliyoigwa ilibuniwa na Sydney Camm, mbunifu mkuu wa kampuni ya Hawker, ambaye kabla ya Vita vya Pili vya Dunia alikuwa amekwisha kubuni Hurricane. Ikaruka kwa mara ya kwanza tarehe 20 Julai 1951, rubani akiwa Neville Duke. Tarehe 7 Septemba 1953 Duke huyo huyo, katika Hunter iliyopakwa rangi nyekundu, alipita kandokando ya pwani ya Littlehampton, kusini mwa Uingereza, akaweka rekodi ya dunia ya mwendo wa zaidi ya kilomita 1,170 kwa saa. Rekodi ile haikumaliza mwezi, kwa kuwa Septemba hiyo hiyo, katika anga ya Libya, Mike Lithgow aliivunja kwa ndege ya kampuni ya Supermarine iliyoitwa Swift. Hapo ndipo lilipo jambo linalonipendeza katika historia ya vichezeo hivi: Meccano ilitoa ndege zote mbili mwaka ule ule wa 1955, Swift ikapewa nambari 734, zikauzwa bega kwa bega kama mahasimu wa hadhi moja, ilhali ulimwenguni hukumu ilikuwa imekwisha kupita, Swift ikiwa imeonekana haifai kazi ya kuzuia ndege za adui na kuondolewa katika kikosi kilichopewa, na Hunter ikiendelea kuundwa hata idadi yake ikakaribia 2,000. Kichezeo hakikungoja hukumu hiyo, wala hakikuifuata. Swift ya metali ni nzuri kama alivyoitamani mbunifu wake, nami huiweka jirani na Hunter bila kuishusha daraja.

Lakini uzuri wa Hunter ni wa namna nyingine, nao ndio uliompa fundi wa Liverpool mtihani mgumu. Mwili wake ni wa mviringo na mrefu, mabawa yamelazwa nyuma, mkia umesimama juu kwa mstari ule ule wa mabawa, na mahali bawa linapokutana na mwili pana matundu mawili ya pembetatu ya kuvutia hewa ya injini, yaliyounganishwa kwa mzunguko laini kiasi kwamba jicho haliwezi kusema mwili umekoma wapi na bawa limeanza wapi. Mchoraji wa kiwandani, akiwa na vipimo halisi mbele yake, hakuweza kuvigawa vyote kwa kiwango kimoja akaridhika, kwa sababu ukingo wa nyuma wa bawa, ukipunguzwa mara 190 au karibu yake, ungekuwa mwembamba kuliko karatasi, na metali isingelipata njia ya kupita katika kalibu, na hata kama ingelipita, bawa lingelikatika siku ya kwanza mtoto alipolikanyaga. Ilimbidi basi aseme uwongo wa vipimo ili asiseme uwongo wa sura: anenepeshe hapa, na kwa kuwa amenenepesha hapa, arefushe au akunje pale, mpaka uwiano urudi machoni ijapokuwa umepotea katika rula.

Kutoka katika mchoro kilitengenezwa kielelezo kikubwa kuliko ndege itakayotoka, kisha mashine yenye ncha mbili, moja ikipapasa kielelezo na nyingine ikichimba, ikalihamisha umbo katika feleji kwa kipimo kidogo; na palipoishia mashine, fundi wa kalibu aliendelea kwa mkono, akisugua na kung'arisha shimo ambalo ndani yake ndege ilikuwa imelala kinyume, mgongo ukiwa bonde na tumbo likiwa bonde jingine. Kalibu ni nusu mbili zinazofumbana na kuachana, nazo zina sheria isiyosamehe: kila ukuta sharti uwe na mteremko kidogo ili kilichoganda kitoke bila kukwaruzwa, na hakuna tundu linaloruhusiwa kujikunja ndani, maana likijikunja ndege haitoki. Sasa mtu aitazame Hunter chini ya taa, akiigeuza polepole. Matundu ya hewa, ambayo katika ndege ya kweli yana kina kirefu, hapa ni vibonyeo tu. Lakini kibonyeo kimekatwa kwa pembe inayoshika kivuli, na kivuli hicho ndicho kinachofanya kazi ya kina. Kifuniko cha rubani ni metali ile ile ya mwili, kimeinuliwa kidogo tu kutoka mgongoni, wala hakijifanyi kioo. Mshono wa nusu mbili za kalibu, ambao katika kazi ya ovyo huonekana kama kovu, umepitishwa katika ukingo wenyewe wa mabawa, mahali ambapo jicho linatazamia kuona mstari na hivyo haliulizi umetoka wapi. Vijana wa pwani yetu wachongao ngalawa za kuchezea kwa mti mwepesi wana akili hiyo hiyo: huacha mengi ya chombo, lakini hawaachi tanga wala marengu, kwa kuwa bila hayo hakuna ngalawa.

Miaka mingine ilipokuja, kampuni ile ile iligeukia njia nyingine. Mwaka 1969, sinema ya Battle of Britain ilipotoka, Meccano ilitoa Spitfire nambari 719, yenye mota ndogo ya betri inayozungusha rafadha, pamoja na Stuka nambari 721 inayodondosha bomu kwa kubonyezwa, na watoto walizipenda, na wakusanyaji wengi wa leo huzipenda zaidi kuliko zote, kwa kuwa ndizo walizokua nazo. Siwalaumu. Lakini nionavyo, hapo mitambo ilikuwa imeanza kulitawala umbo: tumbo sharti liwe na nafasi ya betri, mwili sharti ubebe chemchemi, na mtoto aliyekuwa akiirusha ndege kwa mkono na kuitolea sauti kwa kinywa chake mwenyewe sasa alibonyeza na kungoja. Hunter ya 1955 haikumpa mtoto chochote cha kubonyeza. Ilimpa umbo, uzito wa kutosha kiganjani, na mengine yote ikamwachia yeye.

Uzito huo nao unataka kusemwa, kwa maana metali yenyewe ina historia ya heri na ya huzuni. Ni zinki iliyochanganywa na aluminiamu, takriban sehemu 4 katika 100, pamoja na magneziamu na shaba kidogo, mchanganyiko uliobuniwa Marekani na kampuni ya New Jersey Zinc mwishoni mwa miaka ya 1920, nao huyeyuka kwa joto lisilofika nyuzi 400 za sentigredi, husukumwa kwa nguvu katika kalibu, na huganda kwa kitambo kidogo sana. Sharti lake moja ni usafi. Zinki inayotakiwa ni ya 99.99 kwa 100, na ikiingia chembe ya risasi, kwa kiasi ambacho hakuna jicho wala ulimi utakaokigundua, metali hubeba maradhi tangu siku ya kuzaliwa kwake: hukaa miaka mingi ikiwa nzuri, kisha huanza kuvimba, hufanya nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka, mabawa hupinda, na mwisho wake mtu hukuta vipande na unga mahali alipoacha ndege. Dawa haipo. Ndege nyingi za Dinky za kabla ya vita zimekwisha kwa njia hiyo, nazo ni zile zinazouuma moyo zaidi, kwa kuwa zimefungamana na mambo makubwa. Mwaka 1940, kwa mfano, Uingereza ilipokuwa ikichangisha fedha za kuundia Spitfire, Meccano iliuza Spitfire ndogo yenye pete ya kuvalia kama nishani, na mapato yakapelekwa katika mfuko huo. Anayeshika mojawapo leo huishika kama anavyoshikwa mgonjwa. Hunter ilisubiwa baada ya somo hilo kufahamika, na uzima wake, karibu miaka sabini baadaye, ni ushahidi kwamba kulikuwa na watu waliochunga tanuri na kukataa kutupia humo kila chakavu kilichopatikana. Huo ni uaminifu ambao mnunuzi wa siku ile hakuwa na njia ya kuuona.

Baada ya tanuri ilikuja rangi, na hapo kazi iliingia mikononi mwa wanawake wa Liverpool, ambao walikuwa wengi katika vyumba vya kupakia na kuunganishia vya Binns Road. Ukitazama kwa kioo cha kukuzia utaona kwamba kijani hakikomi ghafla juu ya kijivu, bali hufifia kama ukungu kwa upana wa unywele, jinsi rangi ya kupulizwa inavyofanya. Duara za nembo zilibandikwa kwa vidole, zikiwa zimelowa maji, moja moja. Ndiyo maana Hunter mbili zilizotoka kalibu moja hazifanani kamwe, duara ya hii ikiwa imesogea karibu na ncha ya bawa na ya ile ikiwa imeelekea mwilini. Napenda kuzilaza sambamba na kuziangalia. Feleji haikosei wala haibadiliki, lakini hapa upo mkono wa mtu, pengine wa asubuhi akiwa na nguvu, pengine wa jioni akiwa amechoka.

Haifai kuisifu ndege ya vita na kunyamaza juu ya vita. Hunter haikuwa ngeni katika nchi zetu. Mwaka 1960 Kikosi cha 208 cha Jeshi la Anga la Uingereza kililetwa Eastleigh, Nairobi, kikiwa na Hunter, na mwenye kukaa mtaa ule siku hizo hakuhitaji kichezeo ili ajue mngurumo wake. Julai 1961 kikosi hicho kilikuwa Kuwait. Katika miaka ya 1970 Kenya huru ilijinunulia Hunter zake. Mwaka 1975 Mfalme Hussein wa Jordan aliipa Oman ndege 31 za aina hiyo, na Oktoba mwaka ule zikapelekwa kushambulia maeneo ya Hauf, upande wa pili wa mpaka wa Dhofar, jimbo la kusini mwa Oman, katika vita vya jimbo hilo vilivyokuwa vikielekea mwisho. Na katika Oman ya miaka ile walikuwapo wengi wa ndugu zetu waliohama kutoka Unguja, ambao nyumbani mwao Kiswahili ndicho kilichosemwa. Kwa hiyo mstari ule ninaousifu, mzunguko ule laini wa bawa na mwili, uliwapitia watu vichwani ukiwa na mizinga minne ya milimita 30 puani. Nimelifikiri jambo hili mara nyingi, na sioni kwamba kichezeo kinalifuta, wala sioni kwamba kinalazimika kulilipia. Fundi aliyeichonga hakuning'iniza silaha chini ya bawa lolote. Alichukua kutoka kwa Camm kile kilichokuwa cha hewa, na cha moto akakiacha. Mkusanyaji ana wajibu mwingine: aseme kile ndege ilichofanya, kila aulizwapo na mtoto aliyesimama mbele ya kabati.

Limebaki suala la ukarabati, ambalo huwagawa wakusanyaji kuliko suala la bei. Hunter niliyonayo imechubuka puani na katika ncha za mabawa, mahali ambapo ndege yoyote iliyochezewa kwa haki huchubuka, na zinki imechungulia, nyeupe iliyopauka. Siku hizi nembo mpya zinapatikana, rangi zinapatikana, na mtu mwenye subira aweza kuivua yote na kuipaka upya ikang'aa kuliko ilivyotoka kiwandani. Nimeziona nyingi zilizofanywa hivyo, na kazi ya baadhi yake ni safi. Lakini pindua chini ya bawa. Hapo fundi wa kalibu alichimba jina la ndege na la Dinky Toys kwa herufi ndogo mno, akizichimba kinyume katika feleji, kutoka kulia kwenda kushoto, ili zitoke sawa katika zinki. Ni mahali pekee ambapo kazi yake ilikuwa maandishi, nazo zimesimama juu ya metali kwa kimo kisichozidi unene wa ukucha wa mtoto. Rangi ya kiwandani ilipakwa nyembamba kwa kujua hilo. Rangi ya pili, hata ikiwa nzuri namna gani, huzama kati ya herufi hizo na kuzifanya butu, na ya tatu huzizika. Basi nimeiacha pua ya Hunter ichubuke inavyotaka, na herufi zake bado zinasomeka kwa kidole.