"Mshipa" Usio Mshipa

Wafasiri wa maandishi ya tiba ya jadi ya Kichina wamezoea kulifasiri neno jing kwa "mshipa". Kosa hili si dogo. Msomaji wetu, asikiapo mshipa, hufikiri ule upitishao damu, au hata maradhi ya ngiri. Ilhali Wachina husema juu ya njia za qi, yaani nguvu ya uhai, na elimu ya viungo vya mwili haijapata kuonyesha kitu kinacholingana nazo.

Tutazame Hegu, mahali palipo baina ya kidole gumba na cha shahada. Maana ya jina hilo ni bonde la makutano, na orodha ya Shirika la Afya Duniani, yenye vituo 361, huihesabu kuwa ya nne katika njia ya utumbo mpana. Mfasiri aandikapo "bonyeza mshipa wa utumbo mpana", muuguzi atatafuta nini mkononi? Tena mapokeo ya tiba hiyo hukataza mjamzito kubonyezwa hapo. Onyo halifai kitu ikiwa mahali penyewe hapajulikani.

"Akupresha" nalo silipendi: kwetu presha ni ugonjwa, na mtu atadhani hiyo ndiyo dawa yake. Katika "kuchua" na "kukanda" mkono hutembea. Hapa kidole hutulia mahali pamoja. "Tiba ya kubonyeza" yatosha. Kwa jing napendekeza "njia". Kwa xue, ambalo kwa Kichina ni tundu, afadhali "kituo", lisije likadhaniwa jeraha.