Siku ya Kufumua

Msusi husifiwa siku ambayo kazi yake bado haijajaribiwa. Mteja anainuka mkekani, njia zimenyooka, kichwa kinang'aa mafuta, waliopo wanamgeuza shingo watazame kisogo, na sifa zinamiminika palepale. Naona sifa hizo hutolewa mapema mno. Ususi hupimwa siku ya kufumua, wiki mbili au tatu baadaye, ncha zinapofunguliwa na chanuo linapopita, ikaonekana nywele ngapi zimebaki kichwani na ngapi zimetoka na chanuo, kama za panjani bado zipo, kama ngozi haina vidonda. Nasema hivi nikiifikiria kata kama Mabawe, wilayani Ngara, katika nchi ya Wahangaza na Washubi inayopakana na Rwanda na Burundi. Huko, kama vijijini kwingi Tanzania, kazi hii hufanyika uani, kwa chanuo, uzi, kopo la mafuta na mikono ya dada au shangazi. Kwa kuwa haina kibao mlangoni wala leseni ukutani, wengi huihesabu kuwa maongezi ya jioni tu. Mimi naihesabu kuwa ufundi kamili, na ushahidi wangu nautafuta kwenye unywele wenyewe.

Nywele za kichwa cha binadamu huota kwa wastani wa sentimita moja hivi kwa mwezi. Za kipilipili huota polepole kuliko za singa, lakini haziachi kuota. Kwa hiyo anayelalamika kwamba nywele zake "hazikui" mara nyingi anakosea mshtakiwa. Zinakua, ila zinakatika. Unywele wa kipilipili, ukiukata na kuutazama kwa hadubini, si mviringo kama waya. Umebonyea, na hujipinda tangu ndani ya ngozi. Kila pindo ni mahali dhaifu. Mafuta yanayotolewa na ngozi ya kichwa, ambayo kwenye unywele ulionyooka huteremka yenyewe hadi nchani, kwenye unywele uliojisokota hukwama karibu na shina, na ncha, ambayo ndiyo sehemu kongwe kuliko zote, hubaki kavu. Ongeza kiangazi cha Ngara, miezi ya Juni hadi Agosti, vumbi na upepo mkavu, halafu ongeza mtungi wa maji au mzigo wa kuni unaobebwa utosini. Mwenye kichwa hicho akikatikiwa kwa mwaka na urefu uleule ulioota, atamaliza mwaka alipoanzia. Nywele ndefu, basi, ni zile zilizolindwa zisikatike, na anayezilinda ni msusi.

Ndiyo maana hatua zake, zinazoonekana kama mazoea, kila moja ina sababu. Msusi mzuri hachani nywele kavu. Huzilowesha kwanza, akazipaka mafuta, ya nazi au ya nyonyo au yoyote yaliyopatikana dukani, kisha huanza kuchana nchani akipanda kuelekea shinani, kwa sababu chanuo likianzia shinani husukuma mafundo yote chini hadi yakaze na kukatika. Hugawa njia kwa ncha ya kitana bila kukwaruza ngozi. Nywele zilizokaidi huzifunga kwa uzi, akizungusha tangu shina hadi ncha, akaziacha usiku kucha. Asubuhi zimenyooka bila moto wala dawa, na sijui mbinu nyingine ya kunyoosha nywele yenye gharama ndogo na madhara machache kama hiyo. Kisha huamua. Twende kilioni kwa mwenye haraka, kwa kuwa njia zake hurudi nyuma moja kwa moja na kazi huisha upesi. Rasta kwa mwenye nywele imara tu, maana nyuzi za kuongezea zina uzito, na uzito huo hubebwa na mashina usiku na mchana. Mtoto mdogo asivutwe kabisa, mabutu yanamtosha. Hapo bado sijagusa mchoro. Katika njia za mkunjo, kila pindo la suko hupungua au kugeuka kwa kipimo kilekile hadi utosini, na Mmarekani Ron Eglash, aliyechapisha mwaka 1999 kitabu kuhusu hesabu za maumbo yanayojirudia katika sanaa za Afrika, aliutengenezea ususi huo programu ya kompyuta ya kufundishia hisabati shuleni. Msusi wa uani hufanya hesabu hiyo kwa vidole, bila kuandika, huku akiamulia ugomvi wa watoto.

Lakini kipimo kigumu kuliko mchoro ni mkazo wa mkono. Wapo wanaosema suko lisilouma halidumu, na kwamba mteja aliyelipa anataka kazi ikae mwezi. Hoja hiyo ina chembe ya kweli, kwa kuwa suko lililolegea huchakaa mapema. Hata hivyo, tazama kukaza huko kunavyogharimu. Huko Cape Town, watafiti wakiongozwa na daktari wa ngozi Nonhlanhla Khumalo walichunguza vichwa vya wanawake Waafrika katika kitongoji kimoja na kuchapisha matokeo mwaka 2007: karibu theluthi moja yao walikuwa na upara wa pembeni unaotokana na nywele kuvutwa. Upara huo huanza na vipele vidogo mstari wa mbele, na katika hatua hiyo huweza kupona ukilegeza mkono. Ukiendelea kuvuta miaka mingi, shina hufa na ngozi hubaki laini daima. Maumivu ya usiku wa kwanza ni ngozi inayoomba msaada. Msusi anayemwambia mteja avumilie anauza wiki moja ya unadhifu kwa nywele za miaka ishirini ijayo. Fundi wa kweli hukaza katikati ya suko na kulegeza mwanzo wake, na nywele laini za kipaji cha uso huziacha zipumue, hata mteja akinung'unika.

Wengine watasema ufundi huu umepitwa na wakati, kwa kuwa dawa ya kulainisha hufanya kwa saa moja kile ambacho mikono hufanya kwa nusu siku. Simlaumu mwanamke aliyechoka kwa kutaka wepesi. Ila wepesi huo una hesabu yake. Dawa hufanya kazi kwa kuvunja viungo vinavyoupa unywele nguvu, na ikigusa ngozi huunguza. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani, waliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa takriban miaka kumi na mmoja, waliripoti kwamba waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mji wa mimba kwa kiwango kinachozidi mara mbili cha wasiotumia. Uhusiano wa namna hiyo peke yake hauthibitishi kwamba dawa ndiyo chanzo, na hata kwa watumiaji wa mara kwa mara hatari yenyewe ilibaki ndogo. Unatosha, hata hivyo, kutufanya tuuheshimu uzi wa shilingi chache.

Pingamizi zito zaidi linatoka shuleni. Katika shule nyingi za Tanzania wasichana hutakiwa kukata nywele ziwe fupi, na sababu zinazotolewa zinaeleweka: usafi, usawa kati ya wenye nacho na wasio nacho, muda wa masomo. Penye maji ya kubebwa kichwani, sababu hizo si za kupuuzwa. Ninachokataa ni fundisho linaloambatana nazo kimyakimya, kwamba nywele za Mwafrika zikiachwa ni uchafu unaongoja mkasi. Msichana anayenyolewa tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne humaliza shule bila kujua kichwa chake kinahitaji nini, na dawa ya dukani ndiyo mwalimu wake wa kwanza. Kunyoa na kufuga havikuwa maadui kwa wazee wetu. Morani wa Kimasai hufuga nywele ndefu, zikasokotwa na kupakwa mafuta na udongo mwekundu, na siku ya eunoto, sherehe ya kuvuka rika la umorani, mama yake ndiye humnyoa. Hapo ng'ambo ya mto Kagera, mtindo wa amasunzu wa Wanyarwanda ulijengwa kwa kunyoa baadhi ya sehemu na kuacha nyingine zisimame kama miezi michanga, kwa wanaume na kwa wasichana wasioolewa. Na nchini Kenya, Muthoni wa Kirima, aliyekuwa kamanda wa Mau Mau, alifuga nywele zake zilizojisokota tangu msituni hadi Aprili 2022, aliponyolewa na Mama Ngina Kenyatta, mjane wa rais wa kwanza wa nchi hiyo, mbele ya watu. Mkasi ulioshikwa kwa heshima namna hiyo nao ni sehemu ya ufundi.

Mwaka 2019 serikali yetu ilizitoza ushuru nywele za bandia, asilimia 25 kwa zinazoagizwa nje na 10 kwa zinazotengenezwa nchini. Bidhaa ilionekana, ikapimwa, ikahesabiwa. Mikono inayoisuka haikuonekana. Wakati huohuo VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hufundisha ususi katika vyuo vyake, na ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza nje ya darasa, ambao umewapa vyeti waashi, maseremala na mafundi magari. Naomba utaratibu huo ufike Mabawe na uwakute wasusi uani kwao, wakiwa na chanuo na uzi wao. Naomba pia mtihani wao usiishie siku nywele zinaposukwa. Mtahini arudi baada ya wiki tatu, awaombe wafumue mbele yake, kisha atoe alama.