Tone Moja Mahali Pake

Gari la sloti halina usukani. Chini ya pua lina pini au ulimi unaoingia kwenye mfereji uliochimbwa barabarani, na kandokando ya mfereji huo zimelazwa reli mbili nyembamba za chuma zinazoleta umeme. Mchezaji anashika kidhibiti mkononi: akibana, gari linakimbia, akibana mno kwenye kona, linaruka nje. Mwingereza Fred Francis, mwenye kiwanda cha Minimodels, aliyaonyesha magari hayo kwa jina la Scalextric katika maonyesho ya midoli ya Harrogate mwaka 1957. Haukupita muda kampuni ya Aurora ya Marekani ikaleta madogo zaidi, ya kufichika kiganjani. Wapenzi wake husifu rangi, umbo la bodi, namna Maserati ya bati inavyofanana na ile iliyokimbia kweli. Mimi nausifu mkono unaoyatia mafuta, kwa sababu hapo ndipo ninapouona ufundi wenyewe.

Chukua Thunderjet 500, ambayo Aurora ilianza kuiuza mwaka 1963. Ukiivua bodi unakuta bamba la chuma, na juu yake gia tatu za shaba ya manjano zimepangana mstari mmoja. Ya kwanza imekaa kwenye ncha ya shafti ya mota, ya kati inapokea na kupokeza, ya tatu ina shafti yake inayoshuka hadi kwenye gia ya ekseli ya nyuma. Mota imelala chini ya bamba, bapa kama chapati. Upande wake wa chini ndiko kuliko na komyuteta, yaani vipande vya shaba nyekundu vinavyozunguka huku vikisuguliwa na kaboni mbili zinazovipa umeme.

Sasa tazama mtego ulipo. Tundu ambamo shafti ya mota inapenya bamba linahitaji mafuta. Likikauka, chuma kinalana na chuma, tundu linapanuka, shafti inaanza kucheza. Lakini mafuta yakizidi yanaifuata shafti ileile, yanashuka, yanatawanywa na mzunguko, mwisho yanaifikia komyuteta. Huko yanakutana na vumbi la kaboni na kuwa tope jeusi. Tope linajaa katika nafasi zinazotenganisha vipande vya shaba, umeme unapita pasipopaswa, cheche zinaongezeka, mota inachemka na kuishiwa nguvu. Mafuta yaliyohitajika juu ya bamba ndiyo hayo hayo yanayoiua mota chini yake, na kati ya mahali hapo pawili kuna milimita chache tu. Anayejua kutia mafuta amejua mpaka huo ulipo.

Ndiyo maana chupa haifai kugusa gari. Mdomo wake, hata uwe mwembamba vipi, unatoa tone ambalo lingetosha magari kadhaa. Chombo cha kazi hii ni sindano ya kushonea. Unaichovya ncha kwenye mafuta, unaipangusa ubavuni mwa kifuniko, na kinachobaki ni kitone ambacho jicho linakiona kwa shida. Unakigusisha pale shafti inapoingia kwenye tundu, bila kusukuma. Ukitazama kwa makini utaona mafuta yanaiacha sindano na kuingia yenyewe, yamevutwa na ufinyu wa nafasi. Kinatokea kiduara chembamba kinachong'aa kuizunguka shafti. Hapo umemaliza. Mkono utatamani kuongeza kidogo, unyime. Zungusha gia kwa kidole mara kadhaa, kisha pangusa chochote kilichobaki juu ya bamba.

Sababu ya kiasi hicho kutosha iligunduliwa kwenye ekseli kubwa kuliko hizi. Mwaka 1883 mhandisi Beauchamp Tower alikuwa anafanya majaribio ya beringi za mabehewa ya reli kwa niaba ya Taasisi ya Wahandisi Mitambo ya Uingereza. Alitoboa tundu juu ya beringi ili apitishie mafuta, na ekseli ilipozunguka mafuta yakapanda kupitia tundu hilo na kumwagika. Akaliziba kwa kizibo. Kizibo kikasukumwa nje. Ndani ya beringi mlikuwa na shinikizo ambalo hakulitarajia. Miaka mitatu baadaye Osborne Reynolds, profesa wa Manchester, alieleza kwa hesabu kilichokuwa kinatokea: shafti inayozunguka huyaburuta mafuta na kuyaingiza kwenye nafasi inayozidi kuwa finyu, nayo mafuta yakibanwa huinyanyua shafti. Inaelea. Tabaka linaloibeba ni jembamba kuliko unywele, na baada ya tabaka hilo kupatikana, mafuta mengine yote yanangojea tu kuvuja.

Katika gari dogo hali ni ngumu zaidi, kwa sababu linaanza na kupunguza mwendo kila kona, na mzunguko ukishuka chuma hugusana. Kwa hiyo aina ya mafuta si jambo dogo. Mafuta mazito yanakaa vizuri lakini yanaipa mota ndogo kazi ya kuyakoroga. Mepesi mno yanakimbia. Kwa shafti za mota na ekseli mimi huanza na mafuta ya cherehani, haya meupe ambayo kila fundi nguo anayo kando ya mashine. Ni mepesi, ni safi, na yametengenezwa kwa ajili ya chuma kinachokwenda mbio bila kuchafua kitambaa. Mafuta ya kutengenezwa maabara, yale ya saa na ya rili za kuvulia samaki, ni bora zaidi kwa kuwa hayagandi upesi. Watengeneza saa wa karne ya 19 walipata yao kwa njia ya kusikitisha: mafuta laini kabisa yalitoka kwenye mataya ya pomboo na nyangumi wadogo, na William Nye wa New Bedford, Massachusetts, alijenga biashara yake juu ya hayo. Nashukuru hatuhitaji tena.

Ya jikoni usiyaguse. Yanashikana na hewa, yanakuwa ulimbo, na mafuta ya nazi yanaganda chumba kikipoa chini ya nyuzi 24 hivi. WD-40 nayo hupewa kazi isiyo yake. Ilibuniwa San Diego mwaka 1953 kufukuza maji na kutu, ikatumika kwenye ngozi za makombora ya Atlas, na kwa kazi hiyo ni hodari. Kwenye gari la sloti sehemu yake kubwa inapaa hewani, na kabla haijapaa imekwisha kuosha mafuta mazuri yaliyokuwapo.

Kuosha huko kunadhuru zaidi kwenye magari yenye bushi za shaba na bati zilizotengenezwa kwa unga uliogandamizwa na kuokwa. Bushi ya namna hiyo ina vitundu visivyoonekana, vinavyobeba mafuta kiasi cha moja ya tano ya ujazo wake. Ikipata joto inatoa mafuta, ikipoa inayarudisha. Ukiiloweka kwenye petroli au spiriti umeikausha mpaka moyoni, na tone la juu halitairejesha. Ivue, itie kwenye mafuta ya moto, iache humo ipoe taratibu, nayo itakunywa tena.

Gia za magari makubwa, ya kipimo cha 1:32, zinahitaji grisi kidogo isiyodhuru plastiki, kwa kuwa mafuta mepesi hurushwa na meno yake hadi kwenye tairi. Tairi iliyopata mafuta haishiki barabara, na mabaya zaidi, inayaacha barabarani, kila anayepita nyuma ateleze kwenye kona hiyo. Ndiyo maana mchezaji mwenye adabu huliendesha gari polepole akiwa amelishika mezani baada ya kulitia mafuta, halafu hufuta tairi zote nne, kisha ndipo huliweka njiani na wenzake.

Sikio ndilo linalothibitisha. Mota iliyokauka hulia kwa sauti nyembamba inayopandapanda; ikipata tone lake sauti inashuka na kuwa moja, na kwenye umeme uleule mzunguko unaongezeka. Hili linasikika vizuri zaidi kwenye Thunderjet iliyolala darini miaka hamsini. Mafuta yake ya zamani yamekuwa gundi ya rangi ya chai na gia hazigeuki. Zitoe, zisafishe kwa spiriti na kijiti cha pamba, futa komyuteta mpaka shaba iwe nyekundu tena, zirudishe, gusa sindano mahali panapostahili. Anza na volti chache. Itasitasita, itatetemeka, halafu itazunguka, na baada ya dakika kumi za kuizoesha unaweza kuipeleka barabarani ikashindane na magari yaliyotengenezwa mwaka huu.