Neva Iliyobanwa Shingoni: Maoni Juu ya Istilahi Mbili

Istilahi ya tiba haina budi kupimwa kwanza kwa masikio ya mgonjwa. Tutalionyesha jambo hili kwa maradhi mamoja, nayo ni kubanwa kwa neva za shingo.

Tuchukue mfano wa mkulima wa Ikungi, mkoani Singida, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kinyaturu. Shingo inamuuma, na ganzi inashuka mkononi hadi kidole cha kati. Tabibu anagonga kwa kinyundo kano iliyo nyuma ya mkono, juu kidogo ya kiwiko. Mkono huo usiposhtuka kama mwenzake, hushukiwa neva ya saba ya shingo. Kano iliyo mbele ya kiwiko hueleza habari za neva ya tano na ya sita. Kipimo hiki hakitoshi peke yake. Huenda pamoja na kupima nguvu za misuli na hisi ya ngozi.

Erb na Westphal waliueleza mshtuko wa namna hii wa goti mwaka 1875, lakini istilahi zetu zingali zikiyumba. Mkulima wetu huambiwa kwamba "mshipa umebanwa." Neno mshipa limebebeshwa mzigo mzito mno: ni njia ya damu, ni neva, tena ni ngiri. Mgonjwa aweza kudhani kuwa damu haipiti, akatafuta wa kumkanda shingo, na siku za kutibiwa zikapotea.

Mshtuko wenyewe nao huitwa "tendo lisilo la hiari." Kielimu maelezo hayo ni sahihi. Lakini katika usemi wa kila siku, lisilo la hiari ni la kulazimishwa. Mgonjwa akisikia hivyo hukaza misuli, na mkono uliokazwa hautoi jibu la kuaminika.

Kwa hiyo tunapendekeza mshipa uachiwe damu, na neva ishike mahali pake. Anayelikataa neno neva kwa ugeni wake akumbuke kwamba wanafunzi wamekwisha kulizoea katika masomo ya viumbe. Mshtuko nao uitwe mwitiko wa kano, kwani jina hilo lataja kinachogongwa na kinachojibu, wala halimtishi mtu. Wapendao refleksi hatuwakatazi kulitumia vitabuni.

Tunawaomba matabibu, hasa wale wa vijijini, wayapime mapendekezo haya mbele ya wagonjwa wao kabla hayajasanifiwa.