Umma Usibebeshwe Kila Mzigo: Tafsiri za Kivumishi "Public"

Miongoni mwa vivumishi vya Kiingereza vinavyofika mara kwa mara mezani kwa mfasiri wa nyaraka za serikali, "public" huonekana kuwa chepesi kuliko vingi. Jibu lake limekwisha zoeleka: "-a umma". Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba wepesi huo ni wa juu juu tu, na kwamba mazoea ya kuandika "-a umma" kila panapotokea kivumishi hicho yaweza kumpotosha mwananchi katika mambo yanayogusa ardhi yake, fedha zake na haki zake.

Yafaa kwanza tulitazame neno letu wenyewe. Umma limetokana na Kiarabu, ambamo lina maana ya taifa au watu waliounganishwa na jambo moja. Umati ni ndugu yake. Katika siasa za Afrika Mashariki likapata uzito wa wananchi walio wengi, na ndivyo lilivyokusudiwa katika jina la chama cha Umma kilichoundwa Zanzibar mwaka 1963. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mabenki na viwanda vilipotaifishwa, "mali ya umma" na "shirika la umma" yakawa maneno ya kila siku Tanzania. Kwa hiyo, msikilizaji asikiapo "-a umma" hufikiri kwanza juu ya umilikaji: kitu hiki ni chetu sote, na serikali inatutunzia.

"Public" kwa upande wake hujibu maswali matatu yaliyo mbalimbali. La kwanza ni: kitu hiki ni cha nani? La pili: kiko wazi kwa nani? La tatu: kinafanyika mbele ya nani? Katika swali la kwanza, "-a umma" inafaa, kama katika "mtumishi wa umma" na "fedha za umma". Katika la pili inafaa wakati mwingine tu. Daladala na matatu ni vyombo vya usafiri wa umma ingawa kila kimoja kina mwenyewe, kwa kuwa yeyote mwenye nauli hupanda. Katika la tatu haifai kabisa: mtu hutukanwa hadharani, wala hatukanwi "kwa umma".

Mfano ulio mashuhuri wa swali la pili unatoka Uingereza kwenyewe. Shule kama Eton, iliyoanzishwa mwaka 1440, huitwa kwa kivumishi hiki, na Bunge la huko lilitunga sheria ya shule za namna hiyo mwaka 1868. Lakini hizo ni shule za watu binafsi, na ada zake ni kubwa. Ziliitwa hivyo kwa sababu hazikuwafungia mlango wanafunzi wa mahali pengine. Mfasiri anayeandika "shule za umma" amemweleza msomaji kinyume cha mambo yalivyo.

Hatari huwa kubwa zaidi katika sheria za biashara. Sheria ya Makampuni ya Tanzania ya mwaka 2002 hutenganisha kampuni binafsi, ambayo haiwezi kuwaalika watu wote kununua hisa zake, na kampuni isiyo na kizuizi hicho. Hii ya pili huitwa na wengi "kampuni ya umma". Tazama basi yanayotokea. Kampuni ya Bia Tanzania ilibinafsishwa mwaka 1993, na mwaka 1998 hisa zake zikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kwa istilahi hizo, ilitoka katika mashirika ya umma, ikabinafsishwa, kisha ikawa "kampuni ya umma"! Mwenye akiba yake ndogo atadhani serikali imerudi kuidhamini. "Kampuni ya hisa za wazi" ingemwambia ukweli.

Katika ardhi, tatizo ni la namna nyingine. Sheria ya Ardhi ya Tanzania Na. 4 ya mwaka 1999 husema kwamba ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Shamba la mwanakijiji limo humo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 huigawa ardhi katika mafungu matatu: ya umma, ya jamii na ya kibinafsi. Hapa mfasiri hana ruhusa ya kubadili neno, kwani limekwisha wekwa na sheria. Ila hana budi kutaja ni sheria ya nchi gani, wala asinakili tafsiri ya upande mmoja na kuipeleka upande wa pili.

Wako watakaosema kwamba usanifishaji wa istilahi hudai neno moja kwa neno moja. Tunawajibu kwamba usanifishaji hudai istilahi moja kwa dhana moja, na "public" ni dhana kadhaa zilizovaa kanzu moja. Kipimo chepesi ni kuuliza kinyume chake. Kinyume kikiwa mali ya mtu binafsi, andika "-a umma", au "-a serikali" ikiwa serikali yenyewe ndiyo mwenye mali. Kikiwa mlango uliofungwa, andika "-a watu wote" au "-a wazi". Kikiwa siri, andika "hadharani".

Tangu mwaka 2021, sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Neno ambalo zamani lilikuwa la tangazo ukutani, sasa ni la hukumu. Mwananchi atakayeshinda au kushindwa kesi kwa neno "umma" anastahili kujua ni umma upi unaosemwa.