"Kupogoa" Mnyanya: Uhakiki wa Neno Moja

Miongoni mwa maandishi yaliyotufikia ili lugha yake ihakikiwe, umo waraka mfupi uhusuo kilimo cha nyanya katika bustani za nyumbani, ambao ulikuwa umekwisha kutumika Mwazye, katika uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa. Humo mkulima anaagizwa "apogoe matawi ya pembeni".

Kwa upande wa sarufi, agizo hilo halina dosari. Dosari yake imo katika maana. Kupogoa ni kukata matawi ya mti, aghalabu kwa panga. Ni kazi ya mwembe na mkahawa. Kinachotakiwa katika mnyanya ni kuondoa kwa ncha za vidole chipukizi laini liotalo kati ya jani na shina, lingali na urefu wa sentimita 5 hivi. Wala neno "tawi" halisaidii, kwani vichala vya maua navyo huchomoza ubavuni mwa shina.

Tulipofika Mwazye tulionyeshwa minyanya iliyokatwa kwa kisu, vichala na machipukizi pamoja. "Wanangu," mwenye bustani alituuliza, "hivi navyo si matawi ya pembeni?" Hatukuwa na jibu. Mama huyo alikuwa ametii Kiswahili kama kilivyoandikwa.

Wapo wafasiri wapendeleao neno "maotea", lililozoeleka kwa wakulima wa kahawa. Huko linafaa. Lakini maotea ni pia mimea iliyojiotea yenyewe baada ya mavuno, na katika bustani ya nyanya, ambamo mbegu za matunda yaliyooza huota ovyo, agizo la kuondoa maotea litaeleweka kwa maana hiyo. "Chipukizi" nalo, likiachwa peke yake, kwa mkulima wa migomba ni kitu cha kupandwa, si cha kutupwa.

Kwa hiyo tunapendekeza:

(a) chipukizi la kwapani: liotalo katika kwapa la jani;
(b) kichala cha maua: kisichoguswa kamwe;
(c) kukonyoa: kuliondoa chipukizi hilo kwa vidole.

Kitenzi cha tatu si kigeni. Ndicho tukitumiacho kwa hindi linapovunjwa kutoka kwenye bua, na mkulima wa Ufipa, nchi ya mahindi, anakijua kwa mkono wake. Kupogoa kubakie kwenye miti.

Hata hivyo, istilahi nzuri haiponyi maelezo yaliyopungua. Waraka huo haukutenganisha aina za nyanya. Aina ndefu, kama Moneymaker, huendelea kurefuka na huegemezwa kwenye mti. Hiyo ndiyo ikonyolewayo. Aina fupi, kama Roma, hufikia kimo chake ikakoma, na sehemu kubwa ya matunda yake hubebwa na machipukizi hayo hayo. Kuyakonyoa yote ni kujipunguzia mavuno. Mfasiri asiyeelewa tofauti hiyo hana budi kumwuliza bwana shamba kabla ya kushika kalamu.

Sheria ya mwaka 1967 iliyounda Baraza la Kiswahili la Taifa ilikusudia lugha hii itumike katika shughuli zote za umma. Shughuli hizo haziishii ofisini. Tunawasihi wafasiri, walimu na watumishi wa serikali: kabla waraka haujapigwa chapa, usomwe kwa sauti mbele ya mwenye jembe, naye aombwe aonyeshe kwa mikono alichosikia. Mikono ikikosea, neno libadilishwe.